Mtaa Niliomchagulia Tusekile

Uvumi ulinikuta Januari, kanisani kwetu Ruanda, Mbozi, wakati wa matangazo, na baada yake sikusikia tangazo hata moja.

Jenista wa kwaya ndiye aliyenisogelea sikioni.

"Mama Tusekile, pole. Eti mwanao kule Lusaka analala juu ya meza."

"Meza gani?"

"Ya chakula. Mimi sijatunga, nimeletewa. Shemeji yangu kapita Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kaambiwa na dereva wa lori."

Nilicheka. Juu ya meza hulazwa maiti au huangukia mlevi, na mwanangu hakuwa mmojawapo. Nikamwambia Jenista amwombe Mungu ampe kazi ya kufanya.

Lakini neno lile lilinifuata mpaka nyumbani kama mbigili kwenye pindo la kitenge. Jumatatu nilifuta meza yangu mara tatu. Jumanne niliipima kwa shubiri. Mume wangu Osea akanikuta.

"Unapima nini?"

"Meza."

"Unataka kuiuza?"

"Nataka kujua kama mwanamke mwenye mimba ya miezi minane anaenea."

Osea alinitazama, akachukua jembe, akaenda kwenye mibuni. Huyo ndiye mume wangu. Nyumba ikiungua atakwenda kwanza kuangalia kahawa.

Nikampigia simu Tusekile.

"Mwanangu, hamjambo?"

"Hatujambo, mama."

"Mnalala wapi?"

"Kitandani."

"Kitanda kiko wapi?"

"Ndani."

Namjua mtoto niliyemzaa. Akisema kweli huongea mpaka salio linakatika. Akidanganya hutoa neno mojamoja, kama kuku anayedonoa.

Kwa wale ambao gazeti lenu la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hamjalisoma, kisa kilianza hivi. Mkwe wangu Watson, fundi wa kuchomelea pale Tunduma, aliitwa kazini Lusaka mwaka 2009. Mke wake ndiye huyo Tusekile wangu, mimba ya kwanza. Ikabidi watafute mtaa wa kuishi katika mji ambao hakuna aliyeujua. Kwa hiyo sote tukajifanya tunaujua.

Tulinagwe, mama yake Watson, alitaja mtaa ulio juu ya kilima. Alisema kuna familia mbili za kanisa letu huko.

"Kuna nini kingine?" nikamuuliza.

"Kuna mawe, lakini watu wanaishi."

"Mwanangu si mjusi," nikamjibu, mbele ya wazee wa pande zote mbili.

Wazee walicheka. Nikajiona nimeshinda. Mama mwenzangu unayesoma, ukiona umeshinda mapema hivyo, angalia vizuri ulichoshinda.

Mwezi wa kumi nikafuatana nao Lusaka kuchagua nyumba. Sikualikwa. Nilikwenda.

Kilimani niliona mawe kweli, na chumba kimoja cha kupanga, bati juu, mlango mmoja. Nikakataa nikiwa bado nje. Tukashuka bondeni, kwenye mtaa mkubwa wa watu wa kawaida, wenyewe wanauita komboni. Huko nikafurahi kabisa. Mwezi wa kumi, nchi nzima imekauka, ng'ombe wa njiani mbavu nje, lakini pale palikuwa kijani! Migomba, majimbi, mchicha mpaka mlangoni.

Sisi wa Mbozi ndivyo tunavyonunua shamba. Unakwenda kiangazi. Penye majani mabichi ndipo pa kuishi. Kisha unachota udongo, unaukamata kwenye kiganja. Ukishikana, unatoa mahari ya shamba bila kuuliza zaidi.

Nikainama uani kwa mwenye nyumba, mzee mmoja wa Kibemba aitwaye Ba Chanda, dereva mstaafu wa malori aliyejifunza Kiswahili barabarani. Nikachota. Nikafinyanga. Ukashikana kama ugali wa harusi.

"Mama," akaniuliza, "unataka kupanga nyumba ama kulima?"

"Nyumba bila udongo ni sanduku," nikamwambia.

"Ee mukwai!" akaitikia kwa heshima ya kwao. "Hii udongo ni nzuri sana. Maji iko karibu sana."

Hakudanganya hata neno moja. Ndiyo maana simwezi.

Halafu nikaona kuta. Chini ya kila ukuta kulikuwa na mstari wa udongo wa kahawia, kufika gotini, umenyooka. Kwetu mwanamke nadhifu hupaka mkanda wa udongo chini ya ukuta kabla ya Krismasi, na hapo ndipo mama mkwe anapojua kama mwanawe ameoa au ameokota. Nikaangalia nyumba ya pili, mstari. Ya tatu, mstari. Urefu uleule, mtaa mzima!

"Wanawake wa hapa wana umoja," nikasema. "Angalia walivyopaka wote sawasawa."

Watson akakohoa. Alikuwa akitazama chini, kama mkwe mwenye adabu anavyotazama mbele ya mama mkwe wake.

"Mama, huo mstari..."

"Umeuona na wewe, baba?"

"Nimeuona, mama. Lakini naona kama..."

"Ni usafi, baba. Jifunze."

Akarudi kutazama chini. Kwetu mkwe hambishii mama mkwe, hata mama mkwe akisema mwezi ni chapati. Adabu hiyo tuliifundisha sisi wenyewe, na siku ile nilikula matunda yake.

Ndani vitanda vyote vilikuwa vimepandishwa juu ya matofali, matatu matatu kila mguu.

"Wanafagia mpaka uvunguni," nikamwambia Tusekile. "Unaona?"

"Naona, mama," akasema.

Neno mojamoja. Sikulisikia siku ile.

Leo naungama jambo ambalo sijamwambia hata Osea. Udongo ulinivutia, mstari ulinivutia, lakini kilichofunga kazi ni kijumba cha uani. Chumba kidogo peke yake, nje, mlango wake wenyewe. Kwetu mama halali chini ya paa moja na mume wa mwanawe, ni aibu. Kule kilimani palikuwa na chumba kimoja tu. Mtoto akizaliwa kule, ningelala wapi? Tulinagwe angelala, maana Watson ni mwanawe, angetundika shuka katikati yakaisha. Angemwogesha mjukuu wangu yeye. Angemfunga kitambaa yeye. Mimi ningeletewa habari kwa simu.

Kwa hiyo nilisema namchagulia mwanangu mtaa. Nilijichagulia mimi kitanda.

Basi, turudi Januari, turudi kwenye meza.

Sikumwambia Tusekile kwamba nakwenda. Nilitaka niwafumanie, nione mwenyewe. Nilifunga kapu: unga, maharage, vitambaa vya mtoto, na chungu kidogo cha kuogeshea. Osea akaniuliza mara moja tu.

"Umewaambia?"

"Mwizi anaambiwa polisi wanakuja?"

"Sasa mwizi nani?"

Nikajitwisha kapu. Pale Tunduma nikagongesha muhuri hati ya safari, nikavuka Nakonde, laini yangu ya simu ikafa palepale, nikapanda basi. Mchana wa pili nikashuka Lusaka, miguu imevimba kama magunia.

Nilipomtajia mwenye teksi jina la mtaa, akauliza, "Una viatu vingine?"

Nikadhani ananitongoza.

Alinishusha mwisho wa lami. Mbele yangu hapakuwa na mtaa. Palikuwa na ziwa lenye mapaa. Migomba yangu ilisimama ndani ya maji mpaka kiunoni, mibichi kuliko wakati mwingine wowote. Wanaume wamekunja suruali, wanavusha watu mgongoni kama magunia ya mahindi.

"Mungu wangu, Tusekile!" nikapiga kelele.

"Mama wa Mbozi huyo!" mmoja akajibu kwa Kiswahili. "Watu wa milimani mkiona maji mnalia kama paka."

Alikuwa Msukuma, Makoye, mtoto wa wafugaji wa kule Msangano. Ng'ombe wa baba yake walikufa akaja kujaribu maisha. Sasa alikuwa akibeba wanadamu.

"Nani kakuambia mimi wa Mbozi?"

"Nani mwingine anakuja mafurikoni na chungu? Panda, mama."

"Nipande wapi?"

"Mgongoni. Au uogelee."

"Mimi ni mama wa watu. Siwezi kupandwa... siwezi kukupanda."

"Mama, jana nilimbeba mchungaji. Alikuwa anasali njia nzima, na bado alikuwa mzito."

Nilipanda. Kapu kichwani, mikono shingoni mwa mtoto wa watu, kitenge kimefika nisikotaka kutaja. Watoto walioketi juu ya ukuta walipiga makofi. Katikati ya maji Makoye akasimama.

"Unakwenda nyumba ipi?"

"Kwa Ba Chanda."

"Aliyechagua kupanga kule ni mjinga gani?"

Nikaikaza mikono shingoni mwake. Nadhani alinisikia vizuri.

Mlango ulikuwa wazi, maji yanaingia na kutoka bila kubisha hodi. Ndani, juu ya meza ya chakula, ameketi Ba Chanda na mabuti ya mpira, anakunywa chai.

"Mwapoleni, bamayo," akanisalimu. "Karibu sana."

"Mwanangu yuko wapi?"

"Wamehama. Wiki mbili sasa. Walilala hapa juu ya meza siku tisa, nikawaambia vumilieni, mwezi wa nne inakauka."

"Mwezi wa nne!"

"Kila mwaka, mama. Mwezi wa nne inakauka vizuri kabisa. Udongo inabaki nzuri."

Nikamwonyesha ukuta. Ule mstari wa usafi ulikuwa umezama. Maji yalikuwa juu yake kwa kiganja kizima, yakichora mwingine.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mama, uliniuliza udongo. Nikakujibu udongo."

Nilitaka kumsukuma ndani ya maji, na angestahili. Makoye akanivuta kitenge.

"Mwache, mama. Huyu halali na maji yetu. Mchana analinda meza yake, usiku analala kilimani."

"Kilimani?"

"Kwenye mawe. Wenye nyumba wote wa bondeni wanaishi kwenye mawe."

"Ee," akasema Ba Chanda, bila aibu. "Mimi na binti yako sasa ni majirani."

Nilisimama ndani ya maji, nikausikia ule mlima wa mijusi ukinicheka kutoka mbali.

Kapu lilikuwa zito na kilima ni kirefu. Nikaliacha juu ya meza, chungu kikiwa juu, nikamwambia Ba Chanda nitatuma mtu alifuate. Makoye akanirudisha nchi kavu upande wa barabara ya kanisa. Nikapanda kilima kwa miguu, nikiuliza njia na kutunga maneno. Nilikuwa na maneno ya Watson, maneno ya Tusekile. Kwa nini wanifiche? Mimi ni nani kwao, mgeni?

Kwenye mlango wa chumba kimoja, juu ya jiwe kavu, ameketi Tulinagwe anapepeta mchele.

Maneno yote niliyotunga yakamwagika.

"Karibu, mkwe," akasema. "Karibu kwa mijusi."

"Umefika lini huku?"

"Waliponiambia wanalala mezani. Nilipanda basi siku ileile."

"Wakakuambia wewe."

"Wakaniambia mimi."

"Na mimi mama mzazi?"

Akaweka ungo chini. Tulinagwe si mtu wa maneno mengi, na ndiyo maana yakitoka yanauma.

"Mkwe, mwanao alilia hapa. Alisema, mama akijua atasema ni Watson hakutunza nyumba. Atasema Ba Chanda mwongo. Atasema Zambia mbaya. Atasema kila kitu isipokuwa nimekosea. Akasema bora asijue."

Nikavua viatu vilivyojaa maji.

Nikachungulia ndani. Kitanda, shuka imetundikwa katikati, mkeka upande wa pili. Sakafu kavu. Vitambaa vya mtoto vimekunjwa. Vya Tulinagwe, si vyangu.

"Yuko wapi sasa?"

Tulinagwe akashangaa.

"Hamjaonana?"

"Tuonane wapi?"

"Si amekwenda kukupokea! Baba Tusekile alimpigia Watson asubuhi, akasema umeondoka, laini haipatikani, na umekwenda na anwani ya bondeni. Watson yuko kazini. Nikamwambia Tusekile nitakwenda mimi, akakataa. Akasema, mama akikuona wewe kwanza patachimbika. Niende mimi nimweleze taratibu. Amepita njia ya sokoni."

Mimi nilipandia njia ya kanisa. Yeye alishukia ya sokoni.

Tone la kwanza la mvua lilianguka juu ya ungo wa mchele.

"Amesema anajisikiaje leo?" nikauliza.

"Mgongo unamuuma tangu alfajiri."

Tulitazamana, wanawake wawili tuliozaa. Nilishuka kilima kile mbio, viatu mkononi, mvua inanipiga usoni, na Tulinagwe nyuma yangu na mguu wake mbovu, ananiita, "Nenda, mkwe, nenda! Usiningoje!"

Ukingoni niliwakuta wabebaji wamejikunyata chini ya turubai. Maji yalikuwa yamepanda. Jiwe nililosimamia saa moja kabla sikuliona tena.

"Makoye!"

"Mama wa Mbozi! Umekutana na mwanao?"

"Umemwona?"

"Nimemvusha. Mjamzito habebwi mgongoni, nilimsukuma kwa mkokoteni. Nikamwambia mama yako ametoka, turudi. Akaona kapu lako juu ya meza, na chungu. Akasema, mama hawezi kuacha chungu chake, atarudi sasa hivi, namngoja."

"Ba Chanda yuko naye?"

"Ba Chanda alikimbia mvua ilipotanda. Na mkokoteni wangu gurudumu limezama palepale mlangoni, peke yangu sikuweza kuutoa. Nilikuja kutafuta mtu wa kusaidiana, hawa wote wanaogopa mkondo."

"Kwa hiyo yuko peke yake."

"Yuko peke yake, mama. Amepanda juu ya meza. Ameshika tumbo. Aliniambia nikikuona nikuambie ufanye haraka."

Basi, huo uvumi wa Jenista nilioucheka kanisani, nimeutimiza kwa kapu langu mwenyewe.

Wewe mama ambaye mwanao anahamia nchi ya watu, Lusaka, Lubumbashi au kwingineko, kata kipande hiki ukibandike ukutani. Epuka haya:

Usichague mtaa kiangazi. Kama ni lazima, muulize mtu Januari pakoje.

Usichague mtaa kwa kushika udongo. Mwanao haendi kupandwa.

Ukiona mstari ukutani, nyumba zote, urefu mmoja, usimsifu mtu. Uliza nani aliupaka.

Ukiona vitanda juu ya matofali, uliza.

Usimuulize mwenye nyumba kuhusu nyumba. Muulize analala wapi yeye.

Mkwe wako akikohoa, mruhusu amalize sentensi.

Usikatae kilima kwa sababu aliyekitaja ni mama mkwe wa mwanao.

Usimchagulie mwanao nyumba kwa kutazama wewe utalala wapi.

Usisafiri kwa kuvizia. Anayeviziwa naye hutoka kukutafuta.

Usiwe mama ambaye watoto wake wanaona heri walale juu ya meza kuliko kumwambia.

Na maji yakiwa yanapanda, mwanao yuko ng'ambo, usisimame ukingoni kutafuta wa kulaumiwa. Kunja kitenge kama nilivyokunja mimi, panda mgongoni kwa Makoye, nyamaza, shika shingo.